Nilivyosafirishwa Kama Mtungi wa Maziwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Kama mnasomea kwa simu, basi simu ifanye kazi hiyo moja, msiwe mnachungulia mambo mengine huku mimi nazungumza. Nawasikia mkisema mtu akichoka na maisha aende safari, aende nchi ya watu peke yake, ajitafute. Mimi sikuenda kujitafuta. Nilijua nilipo. Nilikuwa jikoni kwangu Isiolo, nimekaa kwa kigoda, na nilikuwa sisikii kitu.

Kuandika nilijifunza ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa tayari mama wa watoto. Mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe, mwendelee.

Mzee wangu alikufa mvua ikiwa imekataa. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa barabara, leo yuko Merti, kesho yuko Moyale, na mwisho alifia kitandani kwake, mlango ukiwa wazi. Nilikaa eda kama inavyotakiwa. Wanawake walikuja wakakaa nami, wakasoma, wakalia. Mimi sikulia. Walinisifu sana kwa hilo. Walisema, tazameni subira yake. Nikawaacha waseme. Haikuwa subira. Ukiukalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, na hakuna mtu anayesema mguu huo una subira. Eda ikaisha, ganzi ikabaki.

Chai ilikuwa maji ya moto. Nikiulizwa, imekolea sukari? Nasema sawa. Nikiulizwa, tukuletee nyingine? Nasema sawa. Nyumba nzima ikazoea. Ukitaka kitu kwa mama, muulize tu, atasema sawa.

Sasa niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata. Mimi ni mama wa maziwa ya ngamia. Maziwa yanatoka kwa mifugo kabla jua halijawa kali, yanafika mjini kwa gari, sisi kina mama tunayapokea, tunayanusa, tunayachuja, tunayatia kwenye mitungi ya plastiki, ambayo tumeifukiza moshi yasiharibike, na kuyapakia kwenye basi la Nairobi. Mama anayeyapokea kule wakati mwingine hujawahi kumwona uso. Hakujui. Anajua kitambaa. Kila mmoja wetu ana rangi yake na fundo lake, amefunga kwenye mkono wa mtungi. Changu ni chekundu, fundo la mara mbili na mkia mfupi. Mtungi unaenda peke yake, unashushwa, unakaa hapo hapo ulipowekwa mpaka mwenye kujua kitambaa aje auchukue. Kisha unarudi mtupu, peke yake vile vile. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni hiyo: mtungi ukishawekwa mahali, mtu asiusogeze. Ukisogezwa, umepotea.

Baada ya eda sikurudi sokoni. Mitungi ilikaa kwenye veranda, midomo chini.

Mwanangu wa kwanza ana malori. Anapakia vitu vya watu Nairobi, anavipeleka mpaka Moyale. Alikuja na ndugu zake, wakakaa sebuleni, wakaongea kwa ile sauti ya chini ambayo watu hutumia kwa mgonjwa.

“Mama, tumeonelea uje ukae kwangu Nairobi,” akasema. “Hii nyumba tutaipangisha. Hapa utabaki ukitazama ukuta.”

Nikatazama ukuta. Ulikuwa unahitaji rangi.

“Na maziwa?” nikauliza. Niliuliza kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusema kitu.

“Maziwa umefanya ya kutosha. Pumzika.” Halafu akasema, “Lakini hatukulazimishi. Nenda kwanza umwone mama mdogo kule Ethiopia, ubadilishe hewa. Ukirudi, utupe jibu.”

Dada yangu, anayenifuata, aliolewa ng’ambo, Yabelo, tukiwa bado wasichana. Yeye alikuwa amekuja kwetu mara nyingi. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka. Basi nikasema sawa. Na wote waliokaa pale walijua kwamba nikirudi, nikiulizwa habari ya nyumba, nitasema neno hilo hilo.

Mwanangu akaipanga safari kama anavyopanga mzigo. Mtu wa kwanza ataniweka kwenye basi Isiolo. Wa pili atanipokea Moyale. Wa tatu atanivusha na kunitia kwenye gari. Wa nne, rafiki yake mfanyabiashara wa ng’ombe anayekaa Dubuluk, atanipokea hapo anipeleke Yabelo kwa pikapu yake. Kila mmoja alipigiwa simu mbele yangu. “Ndiyo, mama yangu. Mtu mzima. Usimwache peke yake.”

Mjukuu wangu, msichana wa binti yangu ambaye nimemlea mimi, alikuwa amejiegemeza mlangoni anasikiliza.

“Akko,” akaniambia. Kwetu nyanya huitwa akko. “Kumbe unaenda majuu.”

“Ethiopia ndiyo majuu?”

“Si ni nchi nyingine? Na unaenda solo. Wasee wa shule yetu wakisikia watanyamaza.”

“Solo ni nini?”

“Ni peke yako.”

“Peke yangu na wanaume wanne wa kunipokea?”

Akafikiri kidogo. “Hapo ni kweli. Hiyo si kusafiri, Akko. Hiyo ni kutumwa.”

Nilimwambia aende akaoshe vyombo. Usiku ule nikafunga mkoba wangu, na nilipomaliza nikaona mikono yangu imeshafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wake, fundo la mara mbili, mkia mfupi. Sikuwa nimeamua. Nikauacha hivyo.

Kutoka Isiolo mpaka Moyale mtu anaweza kuona mambo mengi. Milima iko, ngamia wako, jangwa la mawe meusi liko. Mimi niliona kioo cha dirisha. Kilikuwa na alama ya kidole cha mtu, na nikaitazama alama hiyo mpaka Marsabit. Moyale nilipokelewa kama ilivyosemwa. Mke wa yule mtu akanipa chakula, nikala, nikalala, nikaamka. Tukavuka. Mpaka wenyewe, kama mnataka kujua, ni watu wamesimama kwenye mstari na askari aliyechoka. Nilikuwa nimedhani nitasikia kitu mguuni nikikanyaga nchi nyingine. Udongo ulikuwa ule ule. Kitu kilichobadilika ni kwamba magari yalihamia upande wa kulia wa barabara, na baada ya muda mfupi simu yangu ndogo ikakosa mtandao, ikawa tochi tu.

Dereva wa gari dogo alinishusha Dubuluk, kwenye njia panda karibu na soko. “Usitoke hapa, mama,” akaniambia. “Atakuja.” Akaenda zake.

Nikatazama pa kukaa. Upande wa pili kulikuwa na kivuli cha ukuta, na chini yake wanawake wa maziwa wamekaa na mitungi yao. Nikaenda nikakaa hapo. Ningekaa wapi kwingine? Nikaweka mkoba kando ya mitungi, nikanyoosha magoti. Walinisalimia kwa Kiborana, nikaitikia kwa Kiborana, maana lugha ni moja pande zote mbili. Hawakuniuliza zaidi. Watu wa maziwa huwa na kazi.

Jirani yangu alikuwa mama mnene, jino la mbele limeng’oka. Alikuwa anachagua mtungi wa kutilia maziwa ya mchana. Akanisukumia mfuniko bila kunitazama.

“Hebu nusa.”

Nikanusa. “Moshi umezidi.”

“Nilimwambia mkwe wangu. Anafukiza kama anachoma nyama.”

“Plastiki haitaki moshi mwingi. Si gorfa.” Gorfa ni kile chombo chetu cha zamani cha kusukwa, kinachokunywa moshi na kuutunza.

“Mwambie wewe. Mimi ananiona adui.”

Wenzake wakacheka. Mimi nikashika mtungi katikati ya magoti, yeye akamimina. Kisha mwingine. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi, kwa hiyo niliiacha ifanye. Akili haikuwa na haja ya kuwapo.

Nikiwa nimeshika mtungi hivyo, pikapu nyeupe ikapita polepole. Mwanamume mwenye kofia akatoa kichwa nje, akatutazama sote mmoja mmoja, akaenda. Baada ya muda akarudi kutoka upande ule mwingine, akatazama tena. Macho yake yalipita usoni kwangu yakaendelea. Nilimwona vizuri kabisa. Nikajiambia, kama huyu ni wangu, ataona kitambaa. Sikunyanyuka. Sikuinua mkono. Mtungi hauinui mkono.

Lakini tazameni kando ya mkoba wangu: mitungi ya wale kina mama nayo ilikuwa na vitambaa, na mingi ilikuwa myekundu. Na yule mtu hakuwa ameambiwa habari ya kitambaa chochote. Aliambiwa atafute mama mzee kutoka Kenya, amekaa peke yake, amechanganyikiwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimpigia mwanangu simu akiwa pale pale, hatua chache kutoka kwangu, akamwambia, “Hapa hakuna mtu. Kuna wanawake wa maziwa tu.”

Jua likavuka utosi, likaanza kushuka. Niliswali hapo hapo kando ya ukuta. Nikarudi nikakaa pale pale. Soko likapungua. Kina mama wakaanza kukusanya vitu vyao, na yule mwenye pengo akasimama, akajifunga kanga vizuri, na kwa mara ya kwanza akanitazama sawasawa.

“Wewe unangoja nani?”

“Mtu.”

“Jina lake?”

“Sijui. Mwanangu ndiye anamjua.”

“Pigia mwanao.”

“Simu imekufa.”

“Sasa hapa unafanya nini tangu asubuhi?”

“Nimewekwa hapa.”

Akacheka mpaka akashika ukuta. “Umewekwa? Wewe ni mtungi?”

Ningeambiwa maneno hayo wakati mwingine, ningejibu. Siku hiyo nilitazama mkoba wangu, nikatazama kitambaa, nikaona ni swali la haki.

“Mimi naenda El Sod kuchukua chumvi ya ngamia,” akasema. “Gari lina nafasi mbele. Utakuja, au utakaa?”

Nikainuka.

Mtataka kujua niliwaza nini. Sikuwaza. Na msije mkasema nilikuwa jasiri, maana mnapenda sana neno hilo. Mtu jasiri ana hofu, anaipita. Ndani yangu hapakuwa na hofu ya kupita. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuuliza kwanza: tutafika saa ngapi, tutalala kwa nani, nani anatungoja. Siku hiyo yule mwenye kuuliza hakuwapo. Ganzi ilimfungia nje. Mguu ukaenda.

Akili kidogo nilikuwa nayo bado. Nilimwambia muuza chai wa njia panda, mtu akija kutafuta mama wa Isiolo, umwambie ameenda El Sod na mwenye pengo, kesho atafika Yabelo. Akaitikia, ndiyo, ndiyo. Alikuwa anafunga kibanda. Sidhani alimwambia mtu.

El Sod ni kijiji kilicho kwenye ukingo wa shimo. Si shimo la kuchimbwa, ni ardhi yenyewe ilibomoka zamani, ikaacha bakuli kubwa, na chini kabisa kwenye bakuli hilo kuna ziwa jeusi. Wanaume wanaingia katika maji hayo wanatoa tope la chumvi, punda wanalipandisha kwa njia nyembamba inayozunguka ukuta wa shimo, mpaka juu. Tulifika bado kuna mwanga. Punda walikuwa wanapanda mmoja nyuma ya mwingine, magunia yanawachuruzikia maji meusi ubavuni.

Mzee wangu aliijua chumvi hii. Enzi zake akirudi kutoka huku, alikuwa na bonge lake kwenye mfuko wa koti, na alikuwa akisema ng’ombe akiilamba anasahau ugonjwa. Aliwahi kuniambia siku moja nitaliona shimo lenyewe. Nilimjibu, nina kazi, nikatazame shimo la nini? Akacheka. Ilikuwa mazungumzo ya jikoni tu, ya watu wawili wenye kesho.

Basi nikasimama pale. Nilingoja. Nilidhani, kama kuna mahali nitalia, ni hapa. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini na harufu ya yai bovu. Punda akakohoa. Nikangoja zaidi.

“Wageni wakifika hapa husema wanaogopa,” mwenye pengo akasema nyuma yangu.

“Mimi sisikii kitu.”

“Basi rudi nyuma. Asiyesikia kitu ndiye huanguka.”

Alinishika mkono wa nguo akanivuta kama mtu anavyovuta mbuzi, nikarudi nyuma. Tukakaa juu ya magunia. Akanipa bonge la chumvi, nikalilamba. Lilikuwa chumvi. Nikaliweka kwenye mkoba.

Nililala kwake. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai nje, ng’ombe wake wawili wanatutazama, nikamwuliza leo atauza wapi maziwa.

“Sijui. Nitatoka nitazame barabara. Gari likija la Mega, Mega. Likija la Dubuluk, Dubuluk.”

“Huulizi kwanza?”

“Namwuliza nani? Nyinyi wa Kenya mnapiga simu kuuliza bei kabla ngamia hajakamuliwa.” Akamwaga mashapo ya chai chini. “Na wewe ukitoka kwa dada yako unarudi wapi?”

Nikamweleza. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, lakini yeye hakuwa mtu wangu, ilikuwa rahisi. Nikamwambia mume amekufa, watoto wanataka nyumba ipangishwe, nihamie Nairobi, nikirudi nitoe jibu, na siku hizi kila kitu nakijibu sawa.

“Na wewe unataka nini?”

“Sijui.”

“Jana ulijua.”

“Jana lini?”

“Nilikuuliza utakuja au utakaa. Hukuniambia ngoja nifikirie. Hukuniambia sawa. Uliinuka.”

Alichukua kikombe changu, akakisuuza, akaenda kutazama ng’ombe. Hatukuzungumza habari hiyo tena. Lori la chumvi lilikuwa linaelekea Yabelo, akaongea na dereva, nikakalishwa mbele. Hakunipungia mkono. Alikuwa ameshaanza kumfokea mkwe wake kwa ajili ya moshi.

Dada yangu alinipokea kwa kelele. Nyumba ilikuwa imejaa majirani, kama ya msiba, na msiba ulikuwa wangu. Alinipiga bega, akanikumbatia, akanipiga tena.

“Umezeeka ukarudi utotoni! Nimelala macho wazi! Mwanao yuko Moyale, amelala kwenye gari akikutafuta!”

Akanipa simu yake. Sauti ya mwanangu ilikuwa imekauka.

“Mama. Uko wapi?”

“Niko kwa mama mdogo wako.”

“Ulikuwa wapi?”

“El Sod.”

“El Sod kufanya nini?”

“Kuona shimo.”

Nilisikia lori likipita upande wake. Kisha akasema, “Shimo,” tu hivyo, akakata. Mjukuu wangu aliniambia baadaye kwamba mjomba wake alimpigia akamwuliza kama nimewahi kusema maneno ya ajabu siku za karibuni. Yeye akamjibu, “Akko ameenda solo kweli sasa, mjomba. Mwache.”

Nilikaa kwa dada yangu mpaka nikatosheka. Alimlilia shemeji yake upya, maana alikuwa hajaja mazishini. Alilia, akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia, “Lia basi na wewe.” Nikamwambia haiji. Akasema, “Basi shika hiki kitunguu ukate.” Tulikata vitunguu. Macho yakatoa maji, yakaacha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nawaambia hili kwa sababu najua mnangoja mahali ambapo moyo unafunguka. Sikupafika. Hata leo sijui kama pako.

Siku ya kurudi, alitaka kupanga watu wa kunipokea. Mume wake alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Nikamwambia airudishe.

“Utapotea tena,” dada yangu akasema.

“Sikupotea. Nyinyi ndio hamkunipata.”

Nilifungua kitambaa kwenye mkoba, nikakitia ndani pamoja na lile bonge la chumvi. Nikaenda kituoni kwa miguu yangu, nikauliza gari, nikapanda. Mega nilishuka bila sababu yoyote. Kulikuwa na ukuta wa mawe wa zamani juu ya mlima, nikautazama, nikanywa chai, ikawa tamu kupita kiasi, nikamwambia mwenye chai kwamba imezidi sukari. Nikapanda gari lingine. Kuvuka nilivuka. Moyale nililala katika nyumba ya wageni karibu na msikiti, nikalipa, nikafunga mlango mwenyewe. Basi la asubuhi likanileta. Kule njiani niliona ngamia upande wa Turbi, kundi refu, na nikawaza kwamba wamekonda. Sikuwaza zaidi ya hapo, lakini niliwaona.

Isiolo niliingia mchana. Nilipofungua geti, nikajua kwanza kwa sauti. Nyumba tupu ina mwangwi wake.

Wanangu hawakuwa na ubaya. Hilo niliseme. Mwanangu alikuwa amerudi kutoka Moyale na hasira na usingizi, akasema mama hawezi tena kubaki peke yake, tusingoje jibu, tuanze. Sufuria zilikuwa kwenye magunia. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa. Kwenye veranda mitungi yangu ilikuwa imepangwa safi kabisa, tayari kwa mnunuzi, na kando yake, sakafuni, kulikuwa na rundo dogo la vitambaa vyekundu. Wamevikata kwa kisu. Hawakujaribu hata kufungua mafundo.

Mtungi bila kitambaa ni plastiki tu. Unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Mwanangu akatoka ndani, mikono na vumbi. Mke wake alikuwa nyuma yake, na mjukuu wangu amekaa juu ya gunia, amenuna.

“Mama. Umefika. Nani amekuleta?”

“Basi.”

“Nani amekupokea?”

“Hakuna.”

Akapangusa uso. “Mama, tulishaongea haya. Wewe mwenyewe ulisema sawa.”

“Nilisema sawa kwa chai pia. Mlinipa bila sukari siku ngapi?”

Mke wake akatazama chini. Mjukuu akaacha kununa.

“Mlisema nikirudi nitoe jibu,” nikamwambia. “Nimerudi. Sihami.”

“Mama, hapa utakaa peke yako ufanye nini? Hata hulii. Tunaogopa.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo. Nikamtazama. Ana paji la uso la baba yake, na lilikuwa na jasho. Ningependa kuwaambia kwamba nilisikia huruma ikinijaa. Nilijua tu kwamba hapo huruma ingefaa, kama mtu anavyojua mahali pa mlango gizani.

“Wewe ogopa,” nikasema. “Hiyo ni haki yako, mimi ni mama yako. Lakini usiogope kwa kunifunga kwenye gunia.”

Akakaa kwenye ngazi ya veranda. Nikatoa bonge la chumvi kwenye mkoba, nikampa. Aliligeuza, akalinusa, na nikaona amelijua. Alikuwa akipata bonge kama hilo kwenye koti la baba yake alipokuwa mdogo. Akalitia mfukoni bila kuniuliza, na sikumwuliza mimi pia. Basi tukakaa hivyo, na jua likasogea kwenye veranda.

Sikuwa na furaha. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa na mikono, na nilikuwa na kazi, na kesho alfajiri gari la maziwa lingefika sokoni likiwa na mama au bila mama. Nikavua viatu vya safari. Nikasimama pale kwenye veranda yangu, nikawaambia wote waliokuwa katika nyumba ile, mkubwa na mdogo:

“Fungueni magunia. Sufuria zirudi jikoni, kitanda kirudi kilipokuwa. Mitungi ioshwe kwa maji moto, ifukizwe leo, na moshi usizidi. Vitambaa nileteeni hapa, nitafunga mwenyewe. Na siku nikitoka tena, nitawaambia ninakokwenda kama ninapajua. Nani atanipokea, asiulize mtu.”